Fundi Amesema Kesho

Watu wakiingia stoo ya makumbusho huuliza swali moja tu. Hawaulizi vitu vimetoka wapi, wala nani kavitoa, wala kwa nini mgongo wangu umepinda. Wanaona kitu kimefungwa, wanauliza, "Ndani kuna nini?" Nimechoka na swali hilo. Miaka ishirini na sita nalijibu. Siku hizi nasema, "Ndani kuna kilichofungwa," halafu naendelea na kazi yangu.

Kazi yenyewe si ya kujivunia. Mtu akifariki, watoto wake hugawana vyenye faida, na visivyo na faida hutuletea sisi, wakaomba na barua ya shukrani. Humo hukosi kitu ambacho hakijawahi kufunguliwa: mkebe wa maziwa ya unga, bahasha iliyofungwa kwa gundi, chupa ya dawa yenye lakiri yake, mche wa sabuni ndani ya karatasi. Vitu vya namna hiyo vina masharti. Huvitikisi. Huvinusi. Unanawa mikono, unaikausha, unapima uzito, unapiga picha pande zote sita, unaandika fundo limefungwa vipi na limeangalia wapi, unalaza kitu ndani ya boksi lake, unafunga kabati. Mkebe ukianza kuvimba anaitwa mtu wa maabara, si mtu mwenye bisibisi. Na roho ikikuwasha kujua, unaiambia roho ikae chini. Kitu kikishafunguliwa unaweza kukifunga upya, lakini hicho kitakuwa kitu kingine.

Sharti hilo niliandika mwenyewe kwa herufi kubwa, nikalibandika mlangoni: KISICHOFUNGULIWA KISIFUNGULIWE. Wenzangu wananiita Bi Funguo. Wanasema ni kwa sababu funguo za makabati nazivaa shingoni. Najua ni kwa sababu sifungui.

Mwanzoni mwa mwaka tuliletewa sanduku la fundi cherehani mmoja aliyekuwa na duka katika mji wetu zamani, akaugua, akahamia kwa binti yake mji mwingine, akafia huko mzee kabisa. Binti yake ndiye aliyelileta, pamoja na cherehani, pasi ya mkaa na daftari la vipimo. Sandukuni mlikuwa na mafurushi sitini na matatu. Zote zilikuwa nguo za wateja. Zilishonwa, zikapigwa pasi, zikafungwa, na wenyewe hawakuja.

Fundi huyo alikuwa na mtindo wake. Nguo ikiisha, aliizungushia kitambaa cheupe kigumu, kisha akalishona furushi lenyewe kwa mkono, kwa uzi mwekundu, pande tatu. Mteja akija anapewa kiwembe, anafumua mwenyewe pale kaunta, fundi akimwangalia. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai kwamba nguo yake ilikwenda harusini na mtu mwingine kabla hajaichukua, jambo ambalo mafundi husingiziwa sana, na mara nyingi hawasingiziwi. Binti wa fundi alituandikia barua fupi ya masharti: mafurushi haya yasifunguliwe na mtu yeyote isipokuwa mwenyewe au mtu wa nyumbani kwake. "Hata sisi wanawe tulikatazwa," aliandika, "na tulikuwa watoto watundu."

Mkuu wa idara alifurahi. Alisema mshono ule mwekundu ni kazi ya sanaa na kwamba utajaza chumba kizima cha maonyesho. Tukatoa tangazo redioni na magazetini: mwenye nguo ajitokeze ndani ya siku tisini na uthibitisho. Baada ya hapo mafurushi yote yatakuwa mali ya makumbusho, na hayatafunguliwa tena na yeyote.

Siku ya kuyasajili, mimi nilikuwa nashika na kusoma, Msajili anaandika kwenye kompyuta. Msajili ni mwanamume wa miaka arobaini, mpole, miwani yake imeungwa kwa gundi pembeni, na akiandika hutoa ulimi nje kidogo. Kila furushi lilikuwa na kikaratasi kilichoshonewa juu. Fundi hakuwajua watu kwa majina ya kwenye vitambulisho. Aliwaandika kama mtaa ulivyowaita.

"Namba thelathini na nane," nikasoma. "Mwalimu Mrefu. Suruali mbili."

"Mwenye mali, Mwalimu Mrefu," akaandika.

"Thelathini na tisa. Yule wa Baiskeli. Shati."

"Mwenye mali, Yule wa Baiskeli."

"Arobaini. Mama Pacha. Sketi tatu."

Kisha nikachukua la arobaini na moja, nikalisoma kimoyomoyo kwanza, halafu nikalisoma tena toka mwanzo.

"Vipi, Bi Funguo? Limeandikwa nini?"

"Kesho," nikasema. "Ya mke. Tayari." Halafu nikasoma tarehe.

Msajili akatoa ulimi, akaandika. Niliona kwenye kioo cha kompyuta alivyoandika: Mwenye mali, hajulikani. Maelezo, nguo ya mke, iko tayari, kuchukuliwa kesho.

Mtu aliyekubali bila swali kwamba Yule wa Baiskeli ni jina la mtu, hakufikiria kuwa Kesho nalo linaweza kuwa jina. Simlaumu. Neno lile kinywani mwa fundi cherehani nani angelidhania kuwa jina? Angeweza mtu mmoja tu duniani kumsahihisha, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake na furushi mikononi. Nikasema, "Arobaini na mbili."

Kesho alikuwa baba yangu.

Alikuwa dereva wa greda la barabara. Jumatatu alfajiri anaondoka kwenda kambi ya barabara, Jumamosi jioni anarudi na vumbi masikioni. Ukimwuliza hali anasema, "Kesho itakuwa nzuri." Ukimwomba kitu anasema kesho. Mtaa ukambatiza Bwana Kesho, akalipokea jina kwa heshima zote, na kusema kweli mara nyingi hiyo kesho yake ilifika.

Mama yangu alirithi kitu kimoja kutoka kwa mama yake: kitambaa cha kijani kizito, kipya, ambacho bibi alikinunua na kufa kabla hajakishona. Mama alikikunja ndani ya sanduku miaka minne. Hakwenda kwa fundi kwa sababu ya bega. Alipokuwa msichana alianguka, mfupa wa bega la kushoto ukaungana vibaya, na bega likabaki chini. Hakutaka mwanamume ampime na kuliona. Maisha yake yote hutupia mtandio upande huo. Basi baba akasema, nipe mimi kitambaa, nitapeleka. Vipimo atavijua yeye na fundi. Mama akampa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kitambaa baba alikipeleka siku moja aliyoomba ruhusa kazini. Baada ya hapo hakuwapo tena mjini siku ambazo duka la fundi lilikuwa wazi, kwa hiyo kazi ya kufuatilia nilipewa mimi. Nilikwenda. Nilifika kwenye kona ya mtaa wa fundi. Pale kona palikuwa na yadi ya mbao, na kwenye geti la yadi palikuwa na mbwa mweusi mwenye mnyororo mrefu kuliko ulivyopaswa kuwa. Aliniona. Nikageuka.

Nyumbani mama akauliza, "Enhe? Gauni?"

Nikasema, "Fundi amesema kesho."

Sijawahi kutunga uongo mwingine mzuri kama ule. Haukuhitaji hata kuapa. Hakuna mtu aliyewahi kuishi ambaye angeisikia sentensi hiyo akashangaa. Mama akasonya tu, akasema mafundi wote baba yao mmoja. Wiki iliyofuata nikatumwa tena, nikaenda mpaka kona, mbwa akasimama, nikarudi. "Fundi amesema kesho." Nilisema hivyo miezi mitatu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa na urefu wa miezi mitatu na iliishia kila mara palepale, kwenye geti la yadi ya mbao.

Siku mbwa alipokufa, nilikwenda mbio mpaka dukani. Nikakuta kufuli. Jirani akasema fundi aliugua, binti yake alikuja kumchukua, wamebeba kila kitu.

Mengine yalitokea haraka. Baba akarudi Jumamosi, akasema fundi amehama na kitambaa. Mama akamwuliza ni fundi gani huyo anayehama na kitambaa cha marehemu mama yake, na ni mwanamke gani amevaa gauni la kijani huko kambini. Baba akanigeukia, "Mwambie mama yako. Si ulikuwa unakwenda?" Nikasema nilikuwa nakwenda. Nikasema alikuwa anasema kesho. Ndipo mama akacheka kile kicheko chake kikavu. "Hata mtoto umemfundisha jina lako."

Baba alihamia kambini moja kwa moja. Alikuja mara moja kwa mwezi, akasimama getini, akaacha mfuko wa mahitaji, akaondoka. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa greda lilimwangukia. Mama alikwenda mazikoni kwa macho makavu, na tangu siku hiyo hajakanyaga makaburini. Alimwita mwongo akiwa hai na akamwita mwongo alipokufa. Mimi nilikaa katikati na mdomo uliofungwa, na nimekaa hivyo miaka arobaini na mitatu.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini nilisema arobaini na mbili. Kikaratasi kilikuwa na tarehe. Gauni lilikuwa tayari wiki mbili tu baada ya kupelekwa. Yeyote atakayepiga hesabu ataona kuwa fundi hakusema kesho hata siku moja.

Siku zikaenda. Walijitokeza watu saba. Mmoja alikuwa mzee, akafumua suruali aliyoshonewa akiwa kijana, akaipima kiunoni, haikuzunguka hata nusu ya tumbo. Alicheka mpaka akaletewa kiti. Kila mmoja wa wale saba alipotoka nilimwonea wivu, na kila jioni nilifunga kabati namba tisa, lenye furushi la baba, nikaenda nyumbani nikiwa nimechoka kuliko siku iliyotangulia. Hakuna mzigo mzito kama ule usioubeba kwa mikono. Nilijiambia kuwa siku tisini zikiisha, sheria itanifungia mlango na sitakuwa na uamuzi wowote. Niliitamani siku hiyo.

Siku ya themanini na nane nilimkuta mama sebuleni na redio mapajani. Ana miaka sabini na minane. Macho yamefifia, masikio ni mazima kupita kiasi.

"Wametangaza habari za fundi kwenye kazi yako," akasema. "Ni fundi yule yule?"

"Mafundi wako wengi, Mama."

"Alikuwa na duka nyuma ya yadi ya mbao?"

Nilivua viatu polepole. "Nadhani."

"Na hujaniambia."

"Ni vitu vya kazi tu, Mama. Mafurushi yamejaa vumbi."

Akaipunguza sauti redio, na hiyo kwa mama ni dalili mbaya. "Sikiliza, mwanangu. Mimi sina siku nyingi. Usinikatize. Sina. Nataka kitu kimoja tu, nijue yule mtu alipeleka kitambaa au hakupeleka. Kama hakupeleka, nitakufa nikijua sikumkosea. Kama alipeleka..." Akatafuta mtandio wake kwa mkono, akauvuta begani. "Umeliona jina lake humo?"

"Kwenye orodha hakuna jina lake," nikasema. Na ni kweli. Kwenye orodha ameandikwa hajulikani.

"Angalia vizuri."

"Nitaangalia kesho."

Neno lilinitoka lenyewe. Nikalisikia likianguka sakafuni kati yetu. Mtu wa miaka hamsini na minne, mwenye funguo shingoni na barua mbili za utumishi bora, nikawa nimesimama tena pale kona. Nilijichukia waziwazi.

Asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwa Msajili kabla sijavaa koti langu la kazi.

"Mdogo wangu, fungua namba arobaini na moja. Kuna kosa."

"Lipi tena?"

"Kesho si siku. Ni mtu."

Akanitazama kupitia ule upande wa miwani usio na gundi. "Mtu gani anaitwa Kesho?"

"Baba yangu."

Hakucheka, na ninamshukuru mpaka leo. Alivuta kiti, akanikalisha, akaniuliza jambo moja tu: "Ulijua tangu siku ile?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi twende kwa Mkuu," kama anayempeleka mgonjwa zahanati.

Mkuu hakupendezwa. Alikuwa ameshachagua namba arobaini na moja liwekwe katikati ya chumba, ndani ya kabati la kioo, kwa kuwa mshono wake ndio ulikuwa safi kuliko yote na maneno yake, alisema, yana falsafa: nguo iliyo tayari, kuchukuliwa kesho.

"Bi Funguo, wewe ndiye mtunzaji," akasema. "Mtunzaji akidai kitu cha stoo ni chake, watu watasemaje? Naamini maneno yako. Lakini naomba uthibitisho ambao haukutoka mdomoni mwako."

Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nisingekubali. Msajili ndiye aliyekumbuka daftari la vipimo. Akalileta, akafunua kurasa taratibu, na chini ya jina la Kesho akasoma kimya, kisha akalifunga.

"Mama mzazi yupo hai?" akaniuliza.

"Yupo."

"Mlete kesho. Ni siku ya mwisho. Vipimo vilivyoandikwa humu, kama ni vyake, hakuna atakayebisha." Hakutaka kunisomea. Alisema mimi ni upande wenye kesi.

Kwa hiyo jioni ile sikuwa na pa kujificha. Mama alikuwa anakunja nguo zilizoanuliwa. Nikakaa mbele yake, nikashika upande mmoja wa shuka, yeye akashika mwingine, na tukiwa tumelinyoosha shuka kati yetu nikamwambia.

"Gauni lipo, Mama. Baba alilipeleka. Lilikuwa tayari baada ya wiki mbili."

Mama hakuachia shuka. "Sasa kwa nini fundi alikuwa anasema kesho?"

"Hakusema. Mimi ndiye niliyekuwa nasema. Sikuwahi kufika dukani."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Mpaka kona. Kulikuwa na mbwa."

"Mbwa gani?"

"Wa yadi ya mbao. Mweusi."

Akalikunja shuka. Akalikunjua, akalikunja tena. Nilisubiri matusi, nilisubiri kofi, ningelipokea kwa furaha. Alipolikunja mara ya tatu akaliweka juu ya mengine na kulisawazisha kwa kiganja. "Kalale," akasema. Ilikuwa saa moja tu ya jioni.

Asubuhi nilimkuta amevaa, mtandio begani, mkoba mapajani. Hakusema nami neno njia nzima. Mlangoni mwa stoo alisimama mbele ya lile bango langu, akalisogelea mpaka pua ikaligusa, akalisoma herufi moja moja.

Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa safi. Mkuu alikuwapo, Msajili alikuwapo na daftari. Mama aliwaamkua vizuri, akauliza habari za watoto wao.

"Mama," Msajili akasema, "utanisamehe. Nitasoma yaliyoandikwa hapa, kisha utatuambia kama ni yako." Akakohoa kidogo. "Kesho, ya mke. Mke hakuja. Vipimo kavileta mume kwenye kamba yenye mafundo, kampima akiwa amelala. Bega la kushoto liko chini vidole viwili. Linyanyuliwe kwa ndani. Mke asiambiwe."

Mama alitafuta ukingo wa meza akaushika. Halafu, mbele ya wanaume wawili, aliuvua mtandio ambao sijawahi kuuona ukitoka begani mwake mchana, akaulaza kwenye kiti.

"Njoo," akaniambia. Neno la kwanza tangu jana. "Pima."

Nikalaza vidole viwili, kimoja juu ya kingine, kwenye bega lake la kushoto. Cha juu kikawa sawa na bega la kulia. Mkuu akageuza uso akaangalia dirisha.

"Nilimwona," mama akasema. Alikuwa haongei na sisi. "Usiku mmoja niliamka nikamwona kaniinamia na kamba. Nikamwuliza, unafanya nini? Akasema anafukuza mende." Midomo yake ilicheza, sikujua inakwenda upande gani. "Nilimnunia wiki nzima. Nilidhani nimeolewa na chizi."

Msajili akamletea kiwembe juu ya kisahani. Mama akakipapasa, akanisogezea. "Macho yangu hayaoni uzi mwekundu. Fumua wewe."

Mimi, Bi Funguo, nikafumua. Nilikata uzi kila baada ya mishono mitatu kama mafundi wanavyofanya, nikavuta, na kitambaa kikafunguka. Gauni la kijani lilikuwa limekunjwa mara nne. Mistari ya pasi ilikuwa bado imo. Tulilinyanyua mimi na Msajili, na mama akaingiza mkono ndani, upande wa kushoto, akatafuta. Akazipata. Tabaka tatu za kitambaa laini, zimeshonewa kwa ndani moja juu ya nyingine, unene wa vidole viwili.

Tulimvalisha juu ya nguo zake. Lilimpwaya kila mahali, kifuani, kiunoni, mikono ikafunika vidole, kwa sababu yule mwanamke aliyepimwa na kamba hayupo tena. Mabegani tu ndipo lilipokaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona mama yangu amesimama na mabega mawili yaliyo sawa.

Alijipapasa kulia, akajipapasa kushoto. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kisha akanigeukia.

"Ungesema kuna mbwa," akasema, "ningekwenda na wewe."

Nililia kama mtoto wa miaka kumi na mmoja, mbele ya Mkuu, na koti langu la kazi limevaliwa vizuri. Mama aliniacha nilie. Hakuniambia imekwisha, na wala haijaisha, lakini aliushika mkono wangu, na kwa mkono wake mwingine akapapasa kiwembe nilichokiacha mezani, akakirudisha kwenye kisahani.

Msajili akafungua kompyuta kusahihisha. "Mwenye mali," akasema, "niandike jina lake kamili, Mama?"

"Andika Kesho," mama akasema. "Fundi alimjua hivyo."

Akatia sahihi yake palipoelekezwa, akachukua mtandio kutoka kwenye kiti, akaukunja, akautia mkobani.

"Sasa nipeleke kwa baba yako," akaniambia.

"Sawa, Mama. Leo nina mafurushi ya kufunga hesabu, siku tisini zinaisha. Nitakupeleka ke..."

Nikajiuma ulimi. Mama alikuwa ananiangalia kwa yale macho yake yasiyoona vizuri, na alikuwa ananiona vizuri sana.

Nikavua funguo shingoni, nikampa Msajili, nikatoka kwenda kutafuta gari.